Alama ya Kumi na Tano

Maskati, 2 Julai 2008

Shangazi yangu Thuraiya,

Assalaam alaykum, na shikamoo kutoka mbali. Sisi huku wazima, ila joto limekuwa kali mpaka mtu akitoka adhuhuri hujuta. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anapika. Juzi kapika bokoboko, akalia, ati halikunukia kama la Wete. Kaka Nabhan kapata mtoto wa kike, wamemwita Shatha. Hongera, bibi mpya.

Shangazi, huu mwezi wa tano nakuandikia barua pepe na hujibu. Zamani ulikuwa ukinijibu siku ya pili yake, na makosa yangu ya Kiswahili umeyaorodhesha chini. Nikikupigia simu unasema salama, salama, halafu unaniambia pesa zangu zinakwisha. Basi nimerudi kwenye kalamu na karatasi, kama baba alivyotuzoesha.

Ndani ya bahasha hii mna sidii. Aliyekuletea ni Bi Asya wa Mtambwe, anakuja harusini. Kwenye sidii mna kivinjari kipya, kimetoka mwezi uliopita tu. Kivinjari ni lile dirisha unalopitia kuingia mtandaoni; hiki ulichonacho kwenye kompyuta ya baba kimezeeka, na kurasa nyingi za siku hizi hakizifungui. Nimekutilia kwenye sidii kwa sababu najua kwa laini yenu ya simu ukianza kukipakua leo utamaliza Ramadhani.

Kina mambo mengi, lakini moja lilinifanya niinuke kitini. Kinakuza ukurasa mzima, maandishi na picha pamoja, mpaka herufi moja inakuwa kubwa kama kisahani cha kikombe. Nilipoona hivyo nilikukumbuka wewe. Sisemi zaidi.

Nijibu, walau mistari mitatu.

Mwanao,
Raniya


Wete, 9 Agosti 2008

Raniya binti Azzam,

Wa alaykum salaam. Marahaba, tena marahaba. Barua imefika, sidii imefika, na zile tende zimefika pungufu, Bi Asya nadhani njiani aliona njaa. Mwambie mama yako magoti akande kwa mafuta ya karafuu, nitampelekea chupa. Mtoto Shatha Mungu amkuze. Huku uchumaji umeanza, kila ua limeanikwa karafuu, na umeme tunapewa kwa zamu kama maji ya mfereji. Siasa usiniulize, maana hata chai hapa watu wanakunywa kwa vyama.

Sasa hilo la kivinjari. Umesema ni kipya, kimetoka mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Mtoto wa mwezi mmoja hata shingo haijakaza, na wewe wataka nimkabidhi nyumba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wangu mimi bado unakalika.

Lakini si hilo tu. Wewe umesahau kwamba kompyuta ile si yangu wala si yako. Baba yako aliiweka wakfu, kwa mkono wake, mbele ya Shehe Msellem, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Karatasi ipo ndani ya msahafu. Sharti la kwanza, isiuzwe. La pili, isitoke chumba kile cha mbele. La tatu, kilichomo kisibadilishwe. La nne linanihusu mimi, wewe halikuhusu. Sharti la aliyeweka wakfu haliguswi, hilo hata watoto wa chuoni wanalijua. Leo nitie kivinjari cha mwezi mmoja, kesho nitie nini?

Na zile alama zake je? Kwenye kile kivinjari Azzam aliweka alama kwenye kurasa kumi na nne, na kila moja kaipa jina lake mwenyewe: Bei ya Karafuu, Makka, Mwezi, Hali ya Bahari, Wete Kutoka Juu, na kadhalika. Kila asubuhi nikiwasha huanza na ya kwanza mpaka ya mwisho, kama mtu anayezungukia wagonjwa. Mbili zimekufa, hazifunguki tena. Hiyo ya Wete Kutoka Juu haijapata kufunguka kwangu hata siku moja, hutoka nyeupe tupu. Hata hivyo naipitia. Nisije nikaipoteza na hizo zilizobaki kwa ajili ya dirisha jipya.

Jumatano ndiyo siku ya watu wa kisiwa cha Fundo. Wanavuka kuja sokoni, kisha benchi la chumba cha mbele linajaa kinamama wanaotaka kusomewa barua pepe za watoto wao walio ng'ambo. Bi Mwanakhamis ndiye wa kwanza siku zote, mwanawe Hamad yuko melini. Mimi nawasomea. Hiyo ndiyo kazi yangu na inanitosha.

Utakuja lini? Kaburi la baba yako limeota majani.

Na uandike kwa wino mweusi. Huo wa buluu ni kama maji.

Shangazi yako,
Thuraiya


Maskati, 30 Agosti 2008

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atujaalie tuifunge sote. Mama anakushukuru kwa mafuta, usiku analala. Shatha anacheka sasa. Kazini kwangu wamenihamishia ghorofa ya juu, naona bahari, nikiitazama namkumbuka baba.

Naandika kwa wino mweusi, kalamu nene, herufi kubwa. Umeona? Basi nisamehe kwa hili ninalokwenda kuuliza, maana mtoto hamhoji mkubwa wake. Barua yako ina mistari mitatu iliyopandana. Neno "karafuu" umeliandika juu ya "uchumaji." Wewe mwalimu, uliyetuchapa vidole kwa mstari uliopinda! Na marehemu bibi alikufa haoni, sote tunajua, alianza hivyo hivyo kwa kusema taa za siku hizi hazina nuru.

Shangazi, macho yako yanaona?

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Niambie mimi, simwambii mtu.

Kuhusu wakfu, hebu fikiri jambo hili. Kivinjari kipya hakikiondoi cha zamani. Vyote viwili vinakaa ndani ya kompyuta moja, kila kimoja na mlango wake. Alama za baba hazifutwi, zinabaki pale pale, na kipya kinaweza kuzinakili. Hakuna kinachobadilishwa, kinaongezwa tu. Lakini mimi si mwanachuoni. Muulize Shehe Msellem, kwani yeye ndiye aliyeshuhudia.

Raniya


Wete, 12 Oktoba 2008

Raniya,

Salamu kwenu nyote, na Idi imekwenda kwa wema. Nilipika mkate wa kumimina, ukaumuka vizuri. Bi Asya kazaa kwa upasuaji, yeye na mtoto wazima.

Macho yangu ni mazima. Tusilirudie hilo.

Kwa Shehe Msellem nimekwenda, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nilikwenda na karatasi ya wakfu na sidii yako imefungwa kwenye kanga. Akaishika sidii akaigeuzageuza, akajiona uso ndani yake, akatengeneza kofia. Akaniuliza, "Hiki ndicho kivinjari?" Nikamwambia kimo ndani. Akauliza kina uzito gani. Nikamwambia hakina. Akaipima kiganjani, akasema, "Subhanallah. Hakina uzito na kinabeba dunia."

Kisha tukakaa kitako, masala ya sheria yakaanza. Alitaka kujua kivinjari ni sehemu ya ile kompyuta kama ukuta ulivyo sehemu ya msikiti, au ni kitu cha kutumia ndani yake kama kata ya kutawadhia. Nikasema sijui. Akataka kujua mtu akikitoa, kompyuta itabaki kompyuta? Nikasema itabaki, ila itakuwa haioni nje. "Basi ni dirisha," akasema. Ukutani hapatobolewi dirisha jipya bila ya idhini ya aliyeweka wakfu, na aliyeweka wakfu yuko kaburini. Nikajua yamekwisha, na sikufichi, nikaona raha.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwalimu, umesema la zamani haliondoki?" Nikasema ndivyo asemavyo Raniya. Akacheka mzee yule mpaka ndevu zikatikisika. "Basi si dirisha hilo. Ni mswala. Mswala wa msikiti ukichakaa, hatuutupi, tunatandika mwengine juu yake. Wa chini unabaki na thawabu zake. Tandika." Halafu akaniomba siku nikishakitandika nimwite, ana hamu ya kuuona mwezi kwa karibu, miaka thelathini anagombana na watu kwa ajili yake na hajapata kuuona vyema.

Kwa hivyo ruhusa ninayo. Lakini sidii imo kabatini, chini ya shuka, na kila nikifungua kabati naifunika vizuri zaidi. Usiniulize kwa nini. Labda naona nikipita mlango mwengine asubuhi, Azzam atakuwa ananingoja kwenye ule wa zamani. Ndiyo, ni ujinga. Mimi ni mtu wa hesabu, najua ujinga nikiuona.

Hujanijibu utakuja lini. Mara ya pili hii.

Thuraiya


Maskati, 3 Novemba 2008

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Leo nafupisha khabari za nyumbani, nisamehe.

Umeniambia jambo lililokuwa zito kwako, basi na mimi nikuambie langu. Siji kwa sababu naogopa kile chumba cha mbele. Baba alipougua alinipigia, akasema njoo tuongeze kumbukumbu kwenye kompyuta, imekuwa nzito. Nikamwambia nina kazi nyingi, nitakuja Idi. Idi haikumkuta. Nikifikiria kile kiti na yeye hayupo, miguu inakataa. Huu mwaka wa tatu.

Kwa hivyo wewe unaogopa kumwacha mlangoni na mimi naogopa kumkosa ndani. Tumefanana, hata nywele tumefanana.

Hebu kiwashe, shangazi. Kiwashe kwa niaba yangu. Nimekuandikia kila hatua kwenye karatasi tano zilizofuatana, kila karatasi neno moja au mawili, kwa kalamu ya ubaoni. Maneno ya Kiingereza utakayoulizwa nimeyaandika kama yatakavyotokea. Kikikuuliza kama unataka alama za zamani zije, kubali. Kisha bonyeza pale nilipochora nyota, alama zote zitajitandaza kama ukurasa mmoja. Na karatasi ya tano ndiyo yenye siri: shika kitufe cha Ctrl, usikiachie, huku ukipiga alama ya kujumlisha. Piga mpaka uridhike.

Raniya wako


Wete, 21 Desemba 2008

Raniya mwanangu,

Salamu za kila mmoja kwa kila mmoja, Idi kubwa imepita, mbuzi tulichinja, nyama tumewagawia jirani zetu. Nimemaliza. Ninayo mengi.

Nilichagua Jumamosi, siku isiyo na watu. Wete hakuna siri. Nilipofungua mlango benchi limejaa, Shehe Msellem kakaa mwisho na kofia mpya, na Bi Mwanakhamis kavuka kutoka Fundo na chetezo, udi na ubani. Ati kitu kipya hakiingii nyumbani bila kufukizwa. Nikamwambia mashine haifukizwi, moshi utaiziba pua. Akanijibu, "Hata ntoto nchanga afukizwa, Mwalimu, na pua anayo." Tukasuluhishwa, chetezo kikakaa kizingitini. Ikasomwa Fatiha ya Azzam. Nikatia sidii, ikavuma, nikafuata karatasi zako moja baada ya moja.

Tukafika karatasi ya pili, umeme ukakatika.

Mmoja akasema, "Mwenyewe kakataa." Nikamwambia mwenyewe angekataa asingeungojea mtambo wa umeme wa Wesha uzimike, nyamaza. Lakini na mimi nilisadiki nusu, usifanye mchezo. Tulikaa mpaka baada ya alasiri, hakuna aliyeondoka. Taa ilipowaka nikaanza tena toka mwanzo.

Kikaniuliza kuhusu alama. Sikuweza kuyasoma maneno yenyewe. Nilichukua kile kioo cha baba yako cha kutazamia stempu, nikalinganisha na karatasi yako herufi kwa herufi, mbele za watu. Basi hapo nimekwisha kukujibu lile swali. Sioni, Raniya. Tangu mwaka jana kuna ukungu, na tangu Februari sisomi kitu kwenye ile mashine. Nilikuwa nikizipitia alama kumi na nne kwa mazoea ya kidole.

Nikabonyeza ndiyo. Nikashika Ctrl. Nikapiga kujumlisha.

Miaka thelathini na minne nimefundisha kujumlisha, na sikujua kujumlisha kunafanya jicho. Mara ya kwanza maandishi yalisogea kidogo, kama mtu anayevuta kiti. Mara ya tatu nikaona kuna herufi. Mara ya sita, wallahi, herufi zilinikabili nyeusi, nene, zimesimama wima, nikazisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: M, A, K, K, A. Benchi zima likaitikia. Nikalia, na wao wakalia, na hawakujua mimi nalilia nini.

Tulifungua Wete Kutoka Juu. Imefunguka! Si nyeupe tena. Mapaa ya bati, barabara, bandari, mikarafuu imejipanga mistari. Bi Mwanakhamis aliiona Fundo yote kwa mara moja, kisiwa alichozaliwa na kuzalia, akaweka mkono mdomoni. "Ndipo petu hapo? Padogo hivi, na tabu zote zile?" Shehe Msellem aliuona mwezi. Alivua miwani akaifuta akaivaa tena, mara tatu. Alipoinuka aliniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani nina elimu." Akaenda zake.

Sasa nikuambie aibu yangu. Walipotawanyika, nilimbakisha Bi Mwanakhamis, nikafungua salamu za mwanawe. Kila Jumatano, tangu Februari, nilikuwa nikimwambia, "Hamad mzima, anakusalimu sana." Sikuwa nikisoma. Nilikuwa nikibuni. Kumbe tangu Agosti Hamad kaleta barua tatu, zote neno moja: amepata mchumba, mtu wa heshima, anataka radhi ya mama yake ndipo aoe. Ya tatu kaandika, "Mama, kama umekasirika niambie, ukimya wako unaniumiza." Miezi minne mtoto anangoja, na mimi nimekaa katikati kama gogo.

Nilimsomea zote, kisha nikamwambia kweli yote. Nilitaraji anitukane, na haki yake. Akanitazama usoni, akasema, "Nilijua huoni, Mwalimu. Salamu gani kila wiki zafanana? Lakini ulikuwa wapenda sana kunisomea." Ndiyo hayo. Radhi yake tumeiandika palepale, herufi kubwa, ikaenda.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nikae siku tatu bila kushika kalamu.

Nilikuwa peke yangu. Nikabonyeza ile nyota, alama za baba yako zikajitandaza ukurasa mzima, nikazikuza. Nikazihesabu, maana hesabu ni ugonjwa wangu. Kumi na tano. Nikarudia. Kumi na tano. Kwenye kivinjari cha zamani ilikuwa imefichwa ndani ya kijalada kidogo ambacho sikupata kukifungua, nilidhani ni pambo. Jina lake, kwa maneno ya Azzam mwenyewe: "Macho ya Thuraiya. Akikubali."

Nikaifungua. Ni ukurasa wa madaktari wa macho. Umeeleza mtoto wa jicho ni nini, na namna anavyotolewa, nusu saa, mtu anarudi kwake siku ile ile.

Alikuwa anajua, Raniya. Mimi mwenyewe sijajua, yeye alikwisha kuona. Na sasa nikusomee lile sharti la nne nililokwambia halikuhusu: "Msimamizi awe dada yangu Thuraiya, maadamu anasoma kwa macho yake mwenyewe. Siku akishindwa, na ampishe Himid." Himid binamu yetu, mwenye duka, chumba angekigeuza ghala la unga kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana nilificha. Nilimlaumu Azzam kimoyomoyo, nikisema ndugu gani huyu, kaniwekea mtego. Kumbe mjanja yule alijua kwa ajili ya nafsi yangu siendi hospitali hata nikokotwe, lakini kwa ajili ya wakfu wake nitakwenda. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Yeye kafa, na bado ananiburura kwa mkono.

Madaktari wa macho wanakuja mjini Chake mwezi wa Februari. Jina langu nimeliandikisha.

Naogopa. Hilo pia silifichi tena.

Thuraiya


Maskati, 10 Januari 2009

Shangazi yangu,

Barua yako nimemsomea mama jikoni. Chakula kiliungua na hakuna aliyeinuka.

Sikujua kitu kuhusu alama ile. Baba hakuniambia. Labda ndiyo aliyotaka kuniambia ile siku aliponiita, na mimi nikamjibu kazi nyingi.

Umeniuliza mara mbili nitakuja lini. Natua Unguja tarehe 7 Februari, ya nane nitakuwa Wete inshallah. Nitakushika mkono Chake kwenda na kurudi. Na siku utakazokuwa umefungwa jicho, Jumatano nitakaa kwenye kile kiti mimi, niwasomee watu wa Fundo. Mwambie Himid asiagize unga.

Raniya


Wete, 22 Machi 2009

Raniya wangu,

Salamu kutoka nyumba nzima, hata kiti kinakusalimu. Tangu uondoke chumba kimepwaya. Shehe Msellem anauliza lini atarudi yule binti aliyemwonyesha upande wa pili wa mwezi. Majani ya kaburini uliyoyang'oa hayajaota tena, napita kila Ijumaa natazama. Bi Asya mtoto wake ana meno mawili. Mkumbatie mama yako, na mwambie bokoboko ni kukesha nalo, asiisingizie Wete.

Utaona nimetumia wino wa buluu, herufi ndogo, na mistari imenyooka. Lete rula ukitaka.

Jicho la pili limefunguliwa wiki iliyopita. Raniya, mimi nilikuwa nimesahau dunia ina kingo. Nimeona kuwa ukuta wa chumba cha mbele una ufa, na kwamba nilikuwa nikitembea na kanga mbili za doti tofauti kwa mwaka mzima na hakuna aliyeniambia. Nimeiona picha ya Azzam iliyo juu ya kompyuta. Ana chunjua shavuni. Nilikuwa nimelisahau lile chunjua. Nilikaa mbele yake mpaka adhuhuri, nikimtazama tu.

Sasa nikuambie ya Jumatano, halafu nikaweke chungu motoni.

Hii ndiyo Jumatano yangu ya kwanza kitini tangu uliponiachia. Benchi limejaa. Nikafungua kivinjari kipya, nikaona maandishi makubwa mno, herufi tatu zinaujaza uso wa mashine. Nikasema alhamdulillahi, hayana kazi tena haya. Nikashika Ctrl, nikapiga alama ya kutoa. Mara moja, mara mbili, mara sita, herufi zikarudi udogo wake, na mimi nazisoma zote, hata zile za pembeni kabisa. Nikajiona mwali.

Nyuma yangu pakazuka kelele.

"Mwalimu, wafanya nini? Yarudishe makuu!"

Nikageuka. Nikadhani wanataka picha. Kumbe siyo. Wengine kati yao walisoma zamani kwenye darasa la watu wazima, herufi wanazijua, ila hakuna aliyeziona tangu uzee ulipoingia, na kila mmoja aliona haya kusema. Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nikificha. Tangu ile Jumamosi ya udi walikuwa wakisoma kimyakimya nyuma ya mgongo wangu, na wa kwako, herufi moja moja, na wewe hukujua.

Nikapiga kujumlisha. Mara sita, kisha ya saba.

Kulikuwa na barua ya Hamad. Nikafungua kinywa nisome, na Bi Mwanakhamis akanishika bega. "Hebu ngoja." Akaja mbele, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusukuma herufi kama mtu anayesukuma ngarawa ufukweni, jasho linamtoka: "Ma-ma. Ju-ma-pi-li. Ni-me-o-a."

Akarudia yote kwa mara moja, kwa haraka, asije akaambiwa si yeye aliyesoma. "Mama, Jumapili nimeoa."

Barua ilikuwa bado ndefu, na yeye amesimama, kainama, mzee wa watu, na kidole hakiondoi. Macho yangu, alhamdulillahi, yanaona vyote. Nikainuka, nikampisha kiti.

Shangazi yako,
Thuraiya